Denge ya Mombasa na denge ya Kisumu: ni ugonjwa mmoja?

Swali: "Habari daktari. Naishi Manyatta, Kisumu, na nashona nguo Kibuye. Mwezi uliopita nilishikwa na homa siku nne, kichwa kikiuma mpaka nyuma ya macho, halafu vipele vikanitoka mikononi na kifuani. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Walipopima tena wakaniambia ni denge. Nilinunua dawa za maumivu kwa kemisti, nikapona. Sasa, kaka yangu yuko Mombasa tangu 2010. Mwaka wa 2017 aliugua denge hiyo hiyo, lakini yeye alivuja damu kwenye fizi, tumbo likamfura, akalazwa siku sita akiwa na dripu. Mama anasema huo hauwezi kuwa ugonjwa mmoja. Jirani naye kaniambia denge ya pwani ni kali, ya huku ziwani ni ya upole. Je, kuna aina tofauti za virusi zenye dalili tofauti? Na kwa kuwa nimeshaugua, nimemalizana nayo?"

Jibu:

Dada, pole kwa kuugua. Nianze na mama: amekosea, lakini kosa lake ni la mtu mwenye akili. Hata madaktari walilifanya, tena kwa zaidi ya miaka mia.

Miaka ya 1870 kulikuwa na daktari Mwingereza pale Zanzibar, James Christie, aliyeandika habari za homa iliyokikumba kisiwa chote mwaka wa 1870. Wazee walimwambia kwamba ugonjwa huo walishauona kitambo, mwaka wa 1823, na jina lake ni kidinga pepo. Ndilo hili tunaloandika leo kidingapopo, na wapo wanaoamini kwamba neno hilo la Kiswahili lilivuka bahari hadi visiwa vya Karibi, likapindwapindwa na ndimi za huko, likarudi kwetu likiwa "denge". Lakini ukisoma alivyoeleza wagonjwa wake, viungo vikiuma na kukakamaa muda mrefu baada ya homa kuisha, unaanza kushuku kwamba ile haikuwa denge. Wataalamu kadhaa waliochunguza maandishi yake baadaye wameona kwamba huenda ilikuwa chikungunya. Yaani jina la ugonjwa mmoja lilibebeshwa ugonjwa mwingine kwa sababu watu walikuwa na kitu kimoja tu cha kupimia: dalili. Na dalili za homa za mbu hudanganya.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu ndiyo, aina zipo. Ila jibu hilo likiachwa hapo litakupotosha, kwa sababu aina ya kirusi si sababu kubwa ya tofauti kati yako na kaka yako. Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni historia ya damu yake kabla ya 2017. Nitaifikia.

Denge ina virusi vinne. Wafikirie kama ndugu wanne wa tumbo moja: denge ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Maabara huwaandika DENV-1 mpaka DENV-4. Wanafanana sura kiasi cha kuudanganya mwili, lakini ukichunguza vinasaba vyao utaona vinalingana kwa kama asilimia 65 tu. Tena ndani ya kila ndugu mna matawi, kama vile ukoo mmoja wa Seme unavyoweza kuwa na milango kadhaa. Wote wanne huletwa na mbu yuleyule, Aedes, mwenye madoadoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kuzaa kwenye maji yaliyotulia ndani ya pipa, jerikani iliyokatwa au tairi kuukuu. Yule wa malaria anauma usiku, na anapenda madimbwi na mashamba ya mpunga ya Ahero. Huyu wa denge anapenda ua wako.

Hapa Kenya ndugu hawa hawakuingia siku moja. Mlipuko wa kwanza kuandikwa ulikuwa mwaka wa 1982 kule Malindi na Kilifi, na uliletwa na denge ya pili. Mandera ilipigwa na denge ya tatu mwaka wa 2011. Mwaka wa 2013 Mombasa ikapata msiba wa aina yake: denge ya kwanza, ya pili na ya tatu zikizunguka kwa wakati mmoja katika mji mmoja. Mwaka wa 2017, kaka yako alipolazwa, iliyokuwa ikitamba Mombasa ilikuwa denge ya pili. Shika miaka hiyo miwili, 2013 na 2017. Tutaihitaji.

Na huku kwetu? Jirani yako anasema denge ya ziwani ni ya upole. Watafiti waliwapima watoto wenye homa huku magharibi, Chulaimbo na hapa Kisumu mjini, kati ya Julai 2014 na Juni 2015. Walipata denge, na wengi walikuwa na denge ya kwanza. Lakini ndugu wote wanne walikuwapo, na wako watoto waliokuwa na wawili kwa mpigo. Kwa hiyo hakuna kirusi cha pwani na kirusi cha ziwa. Tofauti ni kwamba huku hakuna aliyekuwa akiitafuta. Mtoto wa Kisumu akipata homa ni malaria, akipata homa tena ni malaria sugu, na akikosa malaria kwenye kipimo basi ni taifodi. Nimekaa wodini miaka mingi na nimeona taifodi nyingi ambazo hazikuwa taifodi.

Sasa, je, ndugu mmoja huleta dalili zake na mwingine zake? Utafiti upo mwingi, na ukiusoma wote kwa pamoja unaweza kuchanganyikiwa. Bangkok, ambako denge imefuatiliwa kwa miongo mingi kuliko karibu mahali popote duniani, watoto waliougua denge ya pili ndio walioonekana kuzidiwa zaidi. Nicaragua nako waliona denge ya pili ikihusishwa na kuzirai kwa mshtuko na kuvuja damu ndani ya mwili, huku denge ya kwanza ikihusishwa na mishipa kuvujisha maji ya damu. Ukiishia hapo utasema basi, ya pili ndiyo mbaya. Ukienda Singapore, kwa watu wazima, wagonjwa wa denge ya kwanza walikuwa na macho mekundu zaidi, wale wa denge ya pili wakawa na maumivu ya viungo na chembe za kugandisha damu zikashuka zaidi; lakini waliopata ugonjwa mkali zaidi walikuwa wa denge ya kwanza! Kirusi chenye namba ileile, sura tofauti, kwa sababu tawi ni jingine, umri wa wagonjwa ni mwingine, na watu wenyewe walishapitia mengine kabla.

Kuna jambo moja ambalo wengi wetu tunakubaliana. Denge ya kwanza na ya tatu zinaweza kumlaza mtu kitandani hata kama hajawahi kuugua denge maishani. Ya pili na ya nne mara nyingi hupita kimyakimya kwa mtu ambaye ni mara yake ya kwanza, zikaonyesha makucha kwa yule aliyekwisha kuugua aina nyingine. Na ya nne, kwa ujumla, ndiyo mpole wa familia. Lakini haya ni mambo ya wastani wa maelfu ya watu. Nikikuangalia wewe mmoja mbele yangu, na vipele vyako na macho yanayouma, siwezi kusema ni ndugu yupi. Hakuna daktari anayeweza. Akikuambia anaweza, mwulize alisomea wapi.

Mfano ambao daima huwapa wanafunzi wangu unatoka Iquitos, mji wa Peru ulio kando ya mto Amazon. Denge ya kwanza iliingia pale mwaka wa 1990. Mwaka wa 1995 ikaja denge ya pili, na kila mtu akakaa akisubiri maafa, kwa sababu watu walikuwa wameshaonja ya kwanza, na kitabu kinasema hapo ndipo pa hatari. Maafa hayakuja. Watu wengi waliambukizwa mara ya pili, wakapata homa ya kawaida wakapona. Kilichogunduliwa ni kwamba denge ya pili iliyofika Iquitos ilikuwa ya tawi la Marekani, tawi la zamani na dhaifu, si lile la Asia. Hapo ndipo tunapoona wazi kwamba aina, na hasa tawi ndani ya aina, lina uzito wake. Sitaki uondoke ukidhani nasema halina.

Ila sasa twende Cuba, kwa sababu Cuba ndiyo inayomweleza kaka yako.

Cuba ni kisiwa, na denge iliingia kwa zamu, karibu kama mtu aliyepanga jaribio. Mwaka wa 1977 iliingia denge ya kwanza, ikaenea kisiwani, na watu wengi wakaugua homa ya kawaida. Miaka minne baadaye, 1981, ikaingia denge ya pili. Wagonjwa 344,203 waliandikishwa na watu 158 wakafa, 101 kati yao wakiwa watoto. Madaktari walipowauliza na kuwapima waliozidiwa, karibu wote walikuwa wamepitia ile ya 1977. Halafu denge ya pili ikarudi 1997 katika mji wa Santiago de Cuba. Safari hii waliozidiwa walikuwa watu wazima. Kwa nini si watoto tena? Kwa sababu watoto wa 1997 walizaliwa baada ya denge ya kwanza kutokomezwa kisiwani. Hawakuwahi kuionja. Miaka 20 ilikuwa imepita, na damu za wazazi wao bado zilikuwa zinakumbuka.

Mwili unakumbukaje vibaya hivyo? Unapougua denge ya kwanza, mwili hutengeneza kingamwili za kuishika. Fikiria kufuli na ufunguo. Ufunguo wa denge ya kwanza huifunga denge ya kwanza kabisa, na kwa kawaida maisha yako yote. Akija ndugu mwingine, sura yake inafanana: ufunguo unaingia kwenye tundu lakini haufungi. Kingamwili inakishika kirusi bila kukiua. Sasa zipo chembe za damu ambazo kazi yake ni kumeza chochote kilichoshikwa na kingamwili ili zikisage. Zinakimeza kirusi kizima, kikiwa hai, na denge hupenda kuzaliana ndani ya chembe hizo hizo. Yaani askari wako amemfungulia mwizi lango na kumkaribisha ndani. Virusi huongezeka kupita kiasi, mwili hushtuka, na vishipa vyembamba huanza kuvujisha maji ya damu. Daktari Mmarekani Scott Halstead ndiye aliyelishikilia wazo hili kwa miaka mingi wakati wengi wakilitilia shaka.

Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa watoto wachanga. Mtoto wa miezi sita hadi tisa, ambaye hajawahi kuugua denge hata mara moja, anaweza kuzidiwa vibaya anapoambukizwa kwa mara ya kwanza tu. Alirithi kingamwili za mama yake tumboni. Mwanzoni zilikuwa nyingi zikamlinda. Zilipopungua zikafika kile kiwango kibaya cha katikati, ambapo zinatosha kushika na hazitoshi kuua. Na wakati wa chanjo ya kwanza ya denge iliyotolewa kwa watoto zaidi ya 800,000 Ufilipino kuanzia 2016, ilibainika mwishoni mwa 2017 kwamba kwa mtoto ambaye hajawahi kuugua, chanjo ile ilikuwa inafanya kazi kama maambukizi ya kwanza, kisha mbu akileta ya kweli inakuwa kama ya pili. Mpango ukasimamishwa.

Sasa rudi kwa kaka yako. Yuko Mombasa tangu 2010. Mwaka wa 2013 aina tatu zilikuwa zinazunguka mjini, na watu wengi walioambukizwa hawakuwahi hata kwenda hospitali. Hili si la Mombasa pekee: hesabu moja mashuhuri ya mwaka wa 2013 ilikadiria kwamba kati ya maambukizi milioni 390 ya denge duniani kwa mwaka, ni milioni 96 tu yanayoonyesha dalili za kutosha kumfanya mtu aache kazi. Mwulize: mwaka ule hakupata "malaria" ambayo kipimo kilikataa kuiona? Nadhani atakumbuka. Basi 2017 ilipokuja denge ya pili, yeye hakuwa akiipokea kama mgeni. Wewe uliyekulia Kisumu, kuna uwezekano mkubwa ndiyo ilikuwa mara yako ya kwanza. Kwa hiyo naweza kuelewa ugonjwa wako na wake bila kuhitaji kusema kwamba pwani ina kirusi chake na ziwa lina chake. Inawezekana kabisa mlishikwa na aina tofauti. Inawezekana pia ilikuwa ni ileile.

Kuna mambo mengine yanayobadilisha dalili, nayo nayapitia haraka. Umri: mtoto mdogo huvujisha maji ya damu upesi, mtu mzima huumwa na misuli na mifupa zaidi. Ujauzito, kisukari, shinikizo la damu. Na lipo moja ambalo huku Nyanza na Magharibi halisemwi vya kutosha: ugonjwa wa selimundu (sickle cell), ule wa chembe nyekundu za damu kujipinda kama mundu. Kwetu huku una wagonjwa wengi, na mwenye selimundu akipata denge anaweza kuzidiwa hata kama ni mara yake ya kwanza, na hata aina ikiwa ni ile "mpole". Kama kuna mtoto wa selimundu nyumbani kwenu na ana homa isiyo malaria, usisubiri kuona itakavyokuwa. Huko Cuba waliona pia kwamba watu weusi walizidiwa kwa nadra zaidi kuliko weupe. Nimewasikia wenzangu wakijifariji kwa hilo. Mimi nimewaona watu weusi wakivuja damu, kwa hiyo sijifariji.

Kabla sijafika kwenye swali lako la mwisho, niseme neno juu ya homa nyingine za mbu zinazofanana na denge, kwa sababu huku kwetu ndizo zinazochanganya mambo kuliko hata ndugu wanne wenyewe. Chikungunya ilitambuliwa mara ya kwanza 1952 huko uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, na jina ni la Kimakonde, la mtu aliyepinda kwa maumivu. Viungo vya mikono na vifundo vya miguu huvimba na vinaweza kuuma kwa miezi. Mlipuko wa Lamu wa 2004 uliambukiza kama robo tatu ya watu wa mji, kisha ukaruka hadi Komoro na Réunion, na njiani kirusi kikabadilika kidogo tu, herufi moja kwenye koti lake, kikaweza kubebwa kwa urahisi na mbu mwingine, Aedes albopictus. Dalili hazikubadilika kwa namna ambayo mgonjwa angeitambua. Kilichobadilika ni mbu anayekileta, na hilo lilitosha kukisambaza.

Halafu kuna o'nyong-nyong, ambayo ni ya kwetu kabisa. Ilionekana Gulu, Uganda, mwaka wa 1959, na jina ni la Kiacholi, la kuvunja viungo. Mjaluo yeyote akilisikia anapata picha. Ilizunguka kati ya 1959 na 1962 ikaugusa ukanda huu wote wa ziwa, watu zaidi ya milioni mbili. Ni pacha wa chikungunya, lakini huletwa na mbu wa malaria, yule wa usiku. Dalili yake inayosaidia kidogo ni tezi za shingo kuvimba na vipele vinavyowasha sana. Wewe ulisema macho yaliuma kwa nyuma na hukutaja viungo kuvimba, kwa hiyo nalikubali jibu la maabara yako. Lakini ningekubali kwa sababu ya maabara, si kwa sababu ya macho.

Na hapo kuna jambo la kuelewa kuhusu kipimo. Kile cha haraka walichokupima kinatafuta ama kipande cha kirusi, ambacho huonekana siku tano za kwanza za homa, au kingamwili, ambazo huanza kuonekana tangu kama siku ya tano. Hakisemi ni ndugu yupi. Kumjua ndugu kunahitaji kipimo cha vinasaba, ambacho hufanywa katika maabara kubwa za utafiti na kwa kawaida kwa ajili ya kufuatilia mlipuko, si kwa ajili ya kukutibu wewe. Matibabu ya wote wanne ni mamoja.

Swali la mwisho: umemalizana nayo? Na yule mmoja aliyekushika, ndiyo. Na wale watatu, hapana. Kwa miezi michache baada ya kupona mwili hukukinga dhidi ya wote, halafu kinga hiyo hufifia na kukuacha mahali alipokuwa kaka yako kabla ya 2017. Usiogope kupita kiasi: wengi wanaougua denge kwa mara ya pili maishani hupona bila kulazwa. Lakini tangu sasa homa yoyote isiyo malaria uichukulie kwa uzito kuliko ulivyoichukulia hii.

Hii hukuichukulia kwa uzito, na lazima nikusemeshe. "Dawa za maumivu kwa kemisti" zilikuwa zipi? Dawa nyingi za kichwa zinazouzwa huku zina aspirini ndani yake, na mtu hajui mpaka asome pakiti. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki humzidishia mgonjwa wa denge uwezekano wa kuvuja damu. Mwaka fulani, katika zahanati moja ambayo sitaitaja, tulimpokea kijana aliyekwisha kudungwa sindano ya diklofenaki makalioni ili "homa ishuke haraka". Pale palipodungwa palivimba kama ngumi na pakageuka rangi ya zambarau. Homa ilishuka, kweli. Kwa mgonjwa wa denge, paracetamoli peke yake: mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa saa 24, na maji mengi, uji mwepesi, supu, au ile chumvi ya kuchanganya ya watoto wanaoharisha.

Na jambo ambalo watu wa Kisumu, kwa kuzoea malaria, hulielewa kinyume: katika malaria homa ikishuka unashukuru. Katika denge, homa ikishuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, ndipo saa 24 hadi 48 za hatari huanza. Mgonjwa anahisi nafuu, anaoga, anatoka kwenda sokoni, na ndani mishipa inavuja. Tumbo kuuma bila kuacha, kutapika mara kwa mara, damu kwenye fizi au pua, kinyesi cheusi, kuhangaika au kulegea kusiko kwa kawaida, mikono na miguu kuwa baridi, kukosa mkojo: moja tu kati ya hayo, siku homa inaposhuka, ni safari ya hospitali usiku huo huo, si kesho. Kaka yako aliponea hapo, kwenye ile dripu iliyorudisha maji yaliyokuwa yamevuja kwenye mishipa. Dawa ya kuua kirusi hakupewa, kwa sababu haipo.

Nakuomba mambo mawili. Kile kitabu chako cha hospitali, andika kwenye ukurasa wa kwanza, kwa kalamu, tarehe uliyopimwa na neno denge. Daktari atakayekuona miaka mitano ijayo hatakujua, na hutakumbuka. La pili, mpigie kaka yako, mwambie akitafute kile cheti cha 2017 na akipige picha. Vipimo vingi vya haraka vina mistari miwili ya kingamwili, IgM na IgG. Anayeugua mara ya kwanza hutanguliza IgM, na IgG hufuata polepole. Anayeugua mara ya pili IgG huruka juu mapema, homa ikiwa bado. Kama cheti chake kinaonyesha IgG ikiwa tayari imepanda katika siku zile za kwanza alipolazwa, basi tutakuwa na jibu la kumpa mama, na litakuwa na tarehe na muhuri wa maabara.